Mbegu Ichipue, Lakini Ipite Chunguni

Mboga ikipikwa imekufa. Hilo ndilo fundisho la siku hizi, kwenye semina za lishe, kwenye redio, na kwenye video zinazopita kutoka simu hadi simu. Mama wa Kalemie anaonyeshwa sahani, kitambaa kilicholowa na konzi ya mbegu, kisha anaambiwa kwamba baada ya siku chache atavuna palepale mezani mboga yenye virutubisho mara arobaini ya vile vya lenga-lenga anayonunua sokoni. Hahitaji shamba wala jembe, na zaidi ya yote hahitaji makaa, kwa sababu mboga hiyo ataila mbichi, ikiwa bado “hai”. Akiuliza kama anaweza kuichemsha kidogo, mwalimu anatabasamu kwa huruma.

Sina ugomvi na mbegu iliyochipua. Ni chakula kizuri, tena ni chakula chetu tangu zamani, nami nitaonyesha hilo hapa chini. Ninachopinga ni kuilisha mbichi. Katika mji huu wa Kalemie, wenye ziwa hili la Tanganyika na maji haya, kumfundisha mama mwenye watoto wadogo aloweke mbegu siku nne kisha awape bila kuzipitisha motoni ni ushauri mbaya, hata ukiwa umechapishwa kwa rangi kwenye karatasi nzuri. Mbegu ichipue, lakini ipite chunguni.

Nianze na hiyo mara arobaini, maana ndiyo inayowapumbaza watu. Haikuzuliwa, ina mahali ilikotoka. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima miche michanga ya aina 25, ile inayokatwa ikiwa na majani yake ya kwanza tu, wakakuta mingi ina vitamini na karotini nyingi kuliko viwango vilivyoandikwa kwa majani yaliyokomaa. Kwa baadhi ya vitamini, na kwa baadhi ya mimea, tofauti ilikuwa kubwa mno. Magazeti yakaandika “mara nne hadi arobaini”, na tangu hapo arobaini ikabaki vinywani mwa watu, nne ikasahaulika. Lenga-lenga nyekundu nayo ilikuwamo kati ya hizo 25, ikaongoza kwa vitamini K, kitu ambacho sijasikia mtu wa Kalemie akilalamika kwamba kimemwishia mwilini.

Kipimo kile kilikuwa uzito kwa uzito. Gramu mia za miche, gramu mia za majani makubwa. Sasa jaribu kuvuna gramu mia kutoka kwenye sahani ya chai. Utapata kitu cha kubana kwa vidole viwili na kupamba samaki, wakati fungu moja la lenga-lenga lililopikwa kwa mawese linalisha nyumba nzima usiku mmoja. Na mbegu hizo, usisahau, ni mtaji. Gramu moja ya mbegu za lenga-lenga ina mbegu zaidi ya elfu moja. Ukizitia kwenye tuta, wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma, na ukikata shina ukaacha macho chini, linachipua tena na unarudi kuchuma. Kuukata mche ukiwa na urefu wa kidole ni kula ng’ombe akiwa bado ndama, siku ya pili baada ya kuzaliwa. Wapishi wa hoteli za California walianza kutumia miche hii miaka ya 1980 kurembesha sahani, na mtu wa Ulaya ana sababu ya kuipenda, kwa kuwa nje ya dirisha lake miezi kadhaa ya mwaka hakioti kitu. Kalemie iko digrii sita tu kusini mwa ikweta. Hakuna mwezi ambao lenga-lenga inakataa kuota hapa ikipewa maji.

Hayo bado ni mambo ya hesabu, na mtu akitaka kula mtaji wake ni haki yake. Jambo zito ni maradhi.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo video zinavichanganya. Kuna miche inayooteshwa juu ya udongo, ikapata mwanga, ikakatwa juu ya mizizi. Na kuna chipukizi: choroko, kunde au dengu zinazolowekwa, zikafunikwa ndani ya chombo, zikaoshwa mara mbili tatu kwa siku, halafu zikaliwa zote pamoja na mzizi na ganda. Miche ina hatari ndogo zaidi. Chipukizi ndizo zenye historia mbaya, na chanzo chake si uvivu wa mama wa nyumba. Mbegu inataka unyevu na joto ili ipasuke. Bakteria wa kuharisha wanataka hivyohivyo. Inapopasuka inamwaga sukari na protini kwenye maji, na wale bakteria wachache waliojificha kwenye mikunjo ya ganda, waliotoka na samadi shambani au na kinyesi cha panya ghalani, wanapata karamu. Siku mbili tatu zinatosha kuwafikisha mamilioni kwa kila gramu. Chipukizi haitanuka wala haitabadilika rangi. Kuiosha mwishoni hakusaidii sana, kwa sababu wengine wameshaingia ndani ya mche wenyewe.

Walioumia kwa njia hii si watu wasio na mabomba. Mwaka 2011 kaskazini mwa Ujerumani kulizuka ugonjwa wa bakteria aina ya E. coli; karibu watu 4,000 waliugua, zaidi ya 50 walikufa, na mamia figo zao ziliharibika. Kwanza walilaumiwa wakulima wa matango wa Hispania, matango yakatupwa kwa matani, mpaka wachunguzi walipofuatilia milo ya wagonjwa, wakafika kwenye shamba la chipukizi katika kijiji cha Bienenbüttel, na nyuma yake mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri. Miaka 15 kabla yake, mwaka 1996, mjini Sakai, Japani, maelfu ya watoto waliugua baada ya kula chakula cha shule, na uchunguzi wa serikali ukaelekeza kidole kwenye chipukizi za figili. Waziri wa afya, Naoto Kan, alilazimika kula chipukizi mbele ya kamera ili kutuliza soko lililoanguka. Wajapani na Wajerumani wana maji ya bomba saa 24, wana friji, wana wakaguzi, wana hospitali zenye mashine za kusafisha figo. Tuna nini sisi kati ya hivyo?

Marekani waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1999 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliwashauri wazalishaji wa chipukizi waloweke mbegu kwenye dawa ya klorini ya miligramu 20,000 kwa lita kabla ya kuziotesha, na hata hivyo haikuahidi kwamba zitakuwa salama. Maji yanayotiwa klorini kwenye bidoni zetu ufukweni yanatakiwa kubaki na kama nusu miligramu kwa lita. Kiasi hicho kinamwokoa mtu anayekunywa maji. Mbegu yenye mikunjo hakiifanyi kitu. Na mamlaka hiyohiyo inawaambia watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasile chipukizi mbichi kabisa. Soma tena orodha hiyo, maana ndio hasa walengwa wa semina zetu za lishe. Chakula ambacho Mmarekani mjamzito anakatazwa, wa Kalemie anapewa kama tiba.

Kalemie si mahali popote tu. Mwaka 2008 mtafiti Didier Bompangue na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kipindupindu cha Kongo kina makao yake, na makao hayo ni maeneo ya maziwa ya mashariki, Kalemie na Uvira zikiwamo. Kwingine ugonjwa unakuja na kuondoka; huku unalala tu, kisha unaamka. Mwaka 2013 na 2014 sehemu za mji wetu zilipewa chanjo ya kunywa, jambo ambalo halifanywi mahali penye amani na maji yake. Shirika la maji la REGIDESO linasukuma maji kwa umeme unaotoka kituo cha Bendera, na umeme ukikatika bomba linakauka, bidoni zinarudi ziwani. Ziwa lilipofura mwaka 2021, na tena 2024, lilizifuata nyumba za ufukweni hadi milangoni, likaingia vyooni, na maji ya choo na maji ya kuchota yakawa mamoja.

Katika mazingira hayo, piga hesabu ya sahani ya chipukizi. Kikombe cha choroko kinalowekwa usiku, kisha kinaoshwa asubuhi, mchana na jioni. Tuseme lita mbili kila kuosha, kwa siku nne. Hizo ni lita 24, zaidi ya bidoni nzima ya lita 20, kwa bakuli moja. Ukitaka usalama, maji yote hayo yachemshwe. Yule mama aliyesifiwa kwamba ameokoa makaa ya chungu kimoja atayachoma makaa yake yote kuchemshia maji ya kuoshea mbegu. Asipoyachemsha, akaosha kwa maji ya ziwa kama yalivyo, basi kitambaa chake kimeotesha vitu viwili, na kimoja hakionekani.

Najua nitaulizwa habari za kachumbari. Mbona nyanya na kitunguu vinaliwa vibichi kila siku, na watu wapo? Nyanya ina ngozi nzima. Inaoshwa, inakatwa, inaliwa papo hapo. Haijashinda siku nne imelowa kwenye joto. Halafu watu wanaikamulia ndimu, na ndimu hiyo si urembo. Tindikali inamuua kijidudu cha kipindupindu. Uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau miaka ya 1990, wakati wa mlipuko, ulikuta kwamba waliokula chakula kilichotiwa ndimu waliugua kidogo kuliko wengine. Mtu asiyejua kusoma anakamua ndimu yake, na mtaalamu mwenye kompyuta anamfundisha ale kitu kilichovundikwa.

Tuje kwenye mbegu zenyewe, kwa sababu hapa uzembe wa walimu unanishangaza. “Chukua mbegu za mboga,” wanasema, basi. Mbegu zipi? Mbegu nyingi za pakiti zimepakwa dawa ya kuua ukungu, ndiyo maana zina rangi ya waridi, nyekundu au buluu. Zimetengenezwa ziende ardhini, wala si tumboni, na mkoani Tanganyika, ambako familia nyingi zimewahi kupewa mbegu za msaada, pakiti za namna hiyo si ngeni. Kisha kuna mboga ambazo mche wake haufai kuliwa hata kama mbegu ni safi: nyanya, bilinganya na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na majani yao machanga yana sumu. Mnavu ni wa ukoo huohuo, watu wanaula, lakini ni nani amewahi kuula bila kuuchemsha? Maharage, tunayokula karibu kila siku, yana kitu kinachoitwa lektini. Punje nne tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima, na kuchipua peke yake hakukimalizi. Yanahitaji kuchemka kweli, si kupashwa moto. Mche wa mtama, ule wa kijani unaovutia, unatoa sianidi. Wafugaji wanajua jinsi ng’ombe wanavyoanguka wakiingia kwenye mtama mchanga. Zinazobaki ni kunde, choroko, dengu, mbegu za lenga-lenga, figili, kabichi na chache nyingine. Orodha hii ndiyo ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila semina. Badala yake ukurasa wa kwanza una picha ya mwanamke anayecheka na saladi.

Kinachoniudhi kuliko vyote, hata hivyo, ni dharau iliyo chini ya fundisho hili: kwamba mwanamke anayekaa saa mbili na chungu cha sombe anafanya hivyo kwa kutojua. Anajua zaidi ya anayemcheka. Jani la muhogo, linalopikwa sombe, lina sumu ya kutoa sianidi. Linapotwangwa, kimeng’enya kilichomo ndani ya jani lenyewe kinaikata sumu hiyo, na moto unaitoa kwa mvuke. Kinu na chungu ni maabara. Ukimwambia apunguze kutwanga na apunguze kuchemsha ili “asiue vitamini”, umemwambia aache sumu ndani. Na karotini, ambayo macho ya watoto yanaihitaji, imefungwa ndani ya kuta za jani; moto unazilainisha kuta hizo, na mafuta ndiyo yanayoichukua hadi mwilini. Sombe lililoiva kwa mawese na karanga linampa mtoto karotini nyingi kuliko jani bichi atakalotafuna kama mbuzi. Mawese yenyewe ni moja ya vyakula vyenye karotini nyingi kuliko vyote duniani.

Kama kuna mazoea ya jikoni ya kukemewa, yapo. Kuchemsha lenga-lenga kwenye maji mengi na kuyamwaga, ndiyo, hiyo ni kumwaga vitamini C na folati. Kutia magadi mengi ili mboga iwe laini na ya kijani, vilevile. Kuchoma mawese mpaka yageuke meupe ni kuichoma ile karotini niliyoisifu sasa hivi. Mwalimu akisema hayo nitakaa mstari wa mbele na daftari. Lakini hayo yanahusu namna ya kupika, na wala hayadai mtu aache kupika.

Vitamini C ndiyo hoja yao yenye nguvu, nami sitaikwepa. Ni kweli kwamba mbegu kavu haina vitamini C yoyote ya maana, na ikichipua inaitengeneza. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Kihindi waliozingirwa Kut, Mesopotamia, walishikwa na kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda. Huko London, kwenye Taasisi ya Lister, Harriette Chick na Marion Delf walithibitisha, wakachapisha mwaka 1919, kwamba mbegu za jamii ya kunde zikichipuishwa zinazuia kiseyeye. Hiyo ni sayansi safi. Lakini kiseyeye ni ugonjwa wa jangwa, wa meli na wa gereza. Kalemie ina pera, na gramu mia za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Ina papai, ina embe msimu ukifika, ina ndimu na machungwa. Matunda hayo yana maganda ambayo mtu anayamenya kwa mkono wake au kuyaosha vizuri. Dawa ya ugonjwa ambao hatuna tumeletewa pamoja na mlango wa ugonjwa tulio nao.

Njaa ya mtoto wa huku ni nyingine. Ni njaa ya nguvu na mafuta, na ya samaki anayepita sokoni bila kununuliwa. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo, kama kikombe kimoja kwa mlo. Mama anapika uji wa mahindi au muhogo. Wanga unavimba, uji unakuwa mzito, mtoto anashindwa kumeza, mama anaongeza maji. Ndani ya kikombe kile sasa unga ni chini ya sehemu kumi kwa mia. Mtoto anashiba, na hana alichokula. Wanaweza kumtolea saladi ya chipukizi pembeni, haitabadilisha kitu, kwa kuwa chipukizi mbichi nazo karibu zote ni maji.

Na hapa ndipo mbegu iliyochipua inapokuwa hazina kweli, kwa jina lake la zamani la kimea. Ng’ambo ya ziwa, Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania ililishughulikia jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. A. C. Mosha na Msweden Ulf Svanberg walichapisha mwaka 1983 matokeo yao juu ya uji uliotiwa unga wa nafaka iliyochipuishwa. Nafaka inapochipua inatengeneza kimeng’enya cha amilasi, kinachoukata wanga vipande vipande. Pika uji mzito karibu na bukari, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, na mbele ya macho yako uji unalegea hadi unanyweka. Unga uliomo haujapungua hata punje. Kikombe kilekile, tumbo lilelile, lakini nguvu iliyomo ni mara mbili au tatu.

Hakuna mtu aliyelazimika kuwaleta wazungu wafundishe kuchipuisha. Wanaopika pombe ya lutuku mjini humu wanachipuisha mahindi tangu zamani, wakiyaloweka, wakiyafunika kwenye gunia, wakiyaanika na kuyasaga. Wachaga wa Kilimanjaro wanatia kimea cha ulezi kwenye mbege. Wa Songea na Iringa wanatengeneza togwa, wakichanganya kimea na uji na kuuacha uchachuke kidogo mpaka uwe mkali ulimini. Svanberg na Wilbald Lorri waliwafuatilia watoto wa Tanzania waliokuwa wakipewa uji uliochachushwa hivyo, wakakuta wanaharisha mara chache kuliko watoto wa uji wa kawaida. Ni tindikali tena, kama ile ya ndimu, safari hii imetengenezwa na uji wenyewe. Kama ningekuwa na dakika tano za redio kila wiki, nisingezungumza kitu kingine. Ujuzi upo mikononi mwa wapika pombe, na tunawapita mlangoni kwenda kutazama video.

Namna ya kukifanya kimea cha mtoto inahitaji uangalifu, kwa hiyo niieleze taratibu. Chagua ulezi ukiupata, au mahindi ambayo hayana hata alama ya ukungu; punje yenye ukungu itupe, maana sumukuvu haiondoki kwa moto. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa gunia safi lililolowa, nyunyizia asubuhi na jioni, na siku ya pili au ya tatu utaona vijizizi. Anika juani juu ya mkeka ulioinuliwa kutoka chini, mbali na kuku. Zikikauka, sugua kwa viganja vijizizi na machipukizi yakatike, pepeta, saga. Kwa mtama kusugua huko ni lazima, kwa sababu ya ile sianidi iliyomo kwenye chipukizi. Unga huo unakaa kwenye kopo lenye kifuniko. Siku ya kuutumia, uji ukiiva, uepue, uache utulie kidogo kwa kuwa moto mkali unaua amilasi kabla haijafanya kazi, tia kijiko, koroga, subiri kama dakika kumi, kisha urudishe motoni mpaka utokote tena. Hiyo ya kuurudisha motoni watu wanaipenda kuiruka, na ndiyo inayotofautisha chakula na ugonjwa. Chochote kilichoingia na maji ya kuloweka, au na mkono, kinafia hapo. Tia na unga wa ndagala, au karanga zilizosagwa, na tone la mawese. Mtoto aliyekonda mpaka ngozi imelegea, au aliyevimba miguu, huyo si wa kimea. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nimesikia pia hoja ya kambi. Waliokimbilia pembezoni mwa Kalemie tangu vita vya 2016 na 2017, kule Katanika na kwingineko, hawana tuta. Kwa nini wanyimwe sahani? Kwanza, kambi ndiyo mahali ambapo kipindupindu kinapita mbio kuliko popote, kwa hiyo ni mahali pa mwisho pa kugawa chakula kibichi kilichovundikwa. Pili, kukosa shamba hakujawahi kumaanisha kukosa mboga. Kibera, Nairobi, ambako nyumba zimegusana kuta, mwaka 2008 shirika la Solidarités lilianza kuwasaidia watu kupanda sukuma wiki kwenye magunia ya udongo yaliyotobolewa pembeni. Gunia moja linasimama mlangoni, linanyweshwa maji yaliyooshewa vyombo, na linachumwa wiki baada ya wiki. Lenga-lenga na matembele vinafaa kwenye gunia kama sukuma, na maji ya gunia hayana haja ya kuchemshwa, kwa sababu jani litakwenda jikoni.

Imebaki hoja ya makaa, na ndiyo pekee inayonifanya nikae chini nifikiri. Makaa ni ghali, kuni ziko mbali, na anayesema “pika” anamwambia maskini anunue kitu. Sombe la saa mbili ni gharama, sibishi. Lakini hapa tena mbegu iliyochipua inasaidia ikiachwa ifanye kazi yake. Kunde au choroko zilizolowekwa usiku na kuachwa zitoe ncha ya mzizi, kabla hazijarefuka, zinaiva kwa muda mfupi kuliko kavu, zinajaza tumbo gesi kidogo, na madini ya chuma yaliyomo yanapatikana kwa wepesi zaidi, kwa kuwa kuchipua kunapunguza kile kinachoyafunga. Hazihitaji siku nne wala bidoni ya maji. Zilowekwe jioni, zichujwe asubuhi, zifunikwe, na kesho yake ziingie chunguni na kitunguu, nyanya, mawese, na ndimu mwishoni. Wanaogawa karatasi za rangi wangegawa majiko yanayokula makaa kidogo, chungu hicho kingechemka mara mbili kwa siku badala ya moja.